Karoti za Lebo ya Kijani na Mtoto wa Furaha

Mwaka 2004, nikiwa na miaka arobaini na saba, nilianza maisha upya Sydney na mabinti zangu wawili, Zawadi na Rehema, bila mume, na shule yangu ya darasa la tatu. Siku ya kwanza kazini, kwenye ghala la kufungasha mboga Seven Hills, nilipewa buti za mpira kubwa kuliko mguu, nikasimamishwa kwenye mkanda, ile mashine inayosogeza karoti mbele yako bila kupumzika. Kufika saa ya chai sikuvisikia vidole kwa baridi. Sikulia. Wengine walilia.

Asiyeijua kazi hii hudhani ni kutia mboga mfukoni tu. Kulikuwa na utaratibu. Asubuhi mkanda unaoshwa, na mzigo wa kwanza kupita ni wa oganiki, yaani uliolimwa bila dawa za viwandani. Huo una lebo ya kijani. Ukiisha ndipo unapita wa kawaida, isije ikachanganyika. Karoti iliyopinda huenda kreti ya gredi ya pili, huuzwa rahisi. Utamu ni uleule.

Baada ya miaka minne msimamizi wa zamu aliniita. "Mama, wewe huchanganyi. Kuanzia kesho mzigo wa kijani ni wako." Kanisani, Rooty Hill, wakaniita Mama Oganiki. Nililipenda jina hilo mno. Kila mwenye mimba nilimwambia: mtoto akianza kula, mpe oganiki, ile nyingine imejaa dawa.

Na mkuu wa ukaguzi, mama wa Kivietinamu aliyekaa Cabramatta, alikuwa ameshanieleza ukweli. Nilimwuliza wajukuu zake wanakula ipi.

"Ya bei rahisi."

"Wewe? Na lebo zote hizi unazosaini?"

"Nasaini lebo, sisaini tumbo. Naosha, namenya, napika. Njoo uwaone walivyonenepa."

Nilicheka, na kanisani nikanyamaza. Ningebaki Mama nani?

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Furaha, binti wa kwetu Bukavu, alikuwa na mtoto wa miezi minane, na mumewe alikuwa akipata zamu chache. Siku moja alikuja kwangu analia. Muuguzi wa kliniki amesema uzito wa mtoto umesimama.

"Anakula nini?"

"Oganiki, Mama Zawadi, kama ulivyosema. Ile iliyopondwa tayari, ya pakiti za kufinya."

"Ngapi kwa siku?"

Akatazama chini. "Moja. Naongeza maji ya moto, ifike jioni."

Kwetu ndivyo tunavyoufanya mchuzi wageni wakizidi, nani asiyejua? Lakini tumbo la mtoto ni dogo, likijaa maji chakula hakina pa kukaa.

"Kwa nini hukununua mboga ya kawaida?"

"Ulisema iko na dawa, mama. Nimpe mtoto sumu?"

Nilikaa kitako. "Mwanangu, kosa ni langu." Miaka ishirini kazini sikuwahi kumwambia mtu maneno hayo.

Jumamosi tulipanda treni hadi Cabramatta. Tukanunua viazi vitamu, boga, dengu, mayai na maini ya kuku, vyote vya kawaida. Nikamwonyesha kuosha chini ya bomba, kumenya, kupika viive kabisa, kuponda kwa uma kiwe kizito, na mtoto asiache ziwa la mama. Mtoto akayatema maini kwenye kitenge changu. Kijiko cha pili akameza. Muuguzi tulimweleza yote. Akasema chakula hicho kinatosha, turudi apimwe. Tulirudi mara tatu. Mara ya tatu uzito ulikuwa umepanda, na Furaha akalia tena, safari hii kwa kucheka.

Jumapili nilisimama nikawaambia wamama wote nilivyowapotosha. Mmoja akapaza sauti: "Basi tukuite Mama Gredi ya Pili!" Hata mchungaji alicheka.

"Niiteni," nikasema. "Mradi watoto wale."

Sasa nimestaafu. Oganiki siitukani, imenilisha. Mwenye nazo anunue. Wewe usiye nazo, usimpunje mtoto kwa ajili ya lebo.

Leo ninavyo hivi: pensheni, gari dogo lisilodaiwa, friji kubwa, mashine ya kufulia, sufuria sita nzuri, na kiti kirefu cha mtoto, cha mtumba, ambapo mtoto wa Furaha hukaa kila Jumamosi akimaliza bakuli lake.