Maiki Mbili na Baba Ambaye Hakuwahi Kuzaliwa

Usinisome kama unavyosoma hadithi za kupotezea muda huku chakula kikiiva. Jambo hili lilinipata mimi, jua likiwa bado juu, nikiwa sijanywa kitu isipokuwa uji, na chombo kilichoniletea nilikuwa nimekiazima kwa mikono yangu mwenyewe. Nimesoma chuo kikuu, nimefundisha sekondari hadi mvi zimeanza, na najua jinsi msomi anavyotakiwa kuyaeleza mambo ya namna hii: uchovu, upepo, msiba ambao haujatulia moyoni. Nimeyapima yote hayo. Hayatoshi. Ukitaka kunicheka nicheke, lakini ukimaliza uniambie kwa nini siwezi kutamka jina langu la ukoo.

Nianze na nyumba niliyozaliwa. Bibi yangu, Nyangi, alifiwa na mume akiwa hajapata mtoto wa kiume. Kwetu Wakurya mwanamke wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe wake mwenyewe akaoa. Ndoa hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Alimwoa mama yangu, Bhoke, kwa niaba ya mwana ambaye alipaswa kumzaa na hakumzaa. Mwana huyo alipewa hata jina: Mwita. Hana kaburi, hana picha, hana shati lililobaki sandukuni, kwa sababu hakuwahi kuwapo. Lakini mama alikuwa mke wa Mwita, nami nikawa binti Mwita shuleni, kanisani na kwenye shahada yangu. Aliyenizaa kwa damu alikuwa mtu wa kupita, hakudaiwa kitu, na mimi simdai. Bibi alitoa ng'ombe. Mama alilima. Wawili hao walinilea kwenye nyumba ya udongo pale Machochwe, karibu na mpaka wa hifadhi, wakikesha shambani kupiga madebe ili tembo wasimalize mahindi.

Bibi alikuwa na wimbo wake. Aliuimba akisaga, akanifundisha nikiwa nimekaa upande wa pili wa jiwe. Na kwetu mwimbaji huwa hajamaliza wimbo mpaka ajitaje: yeye ni nani, na ni mtoto wa nani. Bibi alipofariki niliamua kuurekodi kwa sauti yangu kabla haijachakaa, na mstari wa mwisho nilikuwa nimekwisha kuuamua. Sitasema binti Mwita. Nitasema mtoto wa Nyangi na Bhoke.

Baba mdogo, mtoto wa shemeji yake bibi na mkubwa wa ukoo wetu kwa sasa, akasikia. Alinipigia simu.

"Mwalimu, ukitaja wanawake wawili watu watasema mji wetu hauna mwanaume."

"Lakini baba mdogo, ndivyo ilivyokuwa."

Akakata simu.

Basi nikaenda mjini Mugumu kutafuta maiki. Huko kuna Shabani, mtu ambaye wazazi wake walitoka pwani, mwenye studio ndogo iliyozungushiwa magodoro ukutani. Alinitolea mbili. Ya kwanza ilikuwa kondensa, nyembamba, inayohitaji kupelekewa umeme wake kupitia waya. Ya pili ilikuwa dainamiki, nzito kama mchi, isiyodai chochote.

"Hii ya kondensa, Madam, ina masikio kuliko jirani yako," Shabani alisema. "Ukimeza mate inakuandika. Hii nyingine ni kiziwi mstaarabu. Ukimsogelea anakusikia vizuri sana. Ukikaa mbali, hana habari na wewe."

Niliimba kwenye zote. Pale kwenye magodoro kondensa iliniteka moyo: sauti yangu ilirudi ikiwa na pembe zake zote, hata ule mkwaruzo mdogo niliourithi kwa mama. Nikasema nimechagua. Shabani akatikisa kichwa.

"Usichagulie hapa. Hapa kwangu kila maiki ina adabu. Nenda nazo, kaimbie pale utakaporekodia, ndipo utajua tabia zao."

Nikazibeba zote mbili hadi Machochwe.

Nilikuwa nimepanga kurekodi ndani ya nyumba ya bibi, kwa sababu moja ya akili kabisa. Nyumba ya mama ina bati, na bati likipigwa na tone moja tu wimbo umekwisha. Ya bibi bado ina nyasi na kuta nene, na mvua huifikia kama mnong'ono. Nilitundika mablanketi, nikanyoosha soksi ya nailoni kwenye waya mbele ya kondensa ili pumzi zangu zisiipige, nikaunganisha kompyuta, nikavaa hedifoni. Mama alikuwa nyumbani kwake anachambua maharage. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa hifadhi. Nikaimba wimbo wote, mpaka majina mawili ya mwisho.

Kisha nikasikiliza.

Shabani hakunidanganya. Nilisikia mbuzi wa mbali, nilisikia mama akikohoa ng'ambo ya ua, nilisikia ulimi wangu ukiachana na kaakaa. Na nilisikia mtu akivuta pumzi. Niamini, naijua pumzi yangu. Huyu alivuta kabla yangu, mwanzo wa kila mstari, kama mwimbaji anayeujua wimbo kuliko mimi na anayengoja apewe nafasi. Nilipofika mahali pa kujitaja, chini ya sauti yangu mwanaume akasema taratibu: "Mwita."

Ungefanya nini? Mimi niliinua macho kutazama mlango.

Mvua ilikuwa imeanza. Alisimama chini ya ukingo wa nyasi, shati lake jeupe likiwa kavu. Alikuwa na mwanya wa bibi, na sikio moja limesimama kuliko jingine, kama la bibi. Umri wake ndio ulionitia baridi. Alikuwa kijana wa kuoa, mdogo kwangu kabisa. Angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa zamani.

Nikamkaribisha, maana mtu akisimama mlangoni kwetu hukaribishwa kwanza. Midomo yake ikacheza. Sauti haikutoka kinywani mwake. Ilitoka kwenye hedifoni masikioni mwangu, kwa njia ya ile maiki.

"Baba yako hapewi shikamoo?"

Nikashika hedifoni kwa mikono miwili, nikamjibu.

"Shikamoo hupewa aliyetangulia kuzaliwa."

Alicheka. Kicheko kilikuwa cha bibi pia, na hilo liliniuma.

"Umenitoa kwenye wimbo," akasema.

"Hukuwamo."

"Jina langu umelisomea. Umelipanda mpaka chuo kikuu. Leo limeanza kunuka?"

"Halinuki. Ila halikulima, wala halikukesha na madebe."

"Nyangi alitoa ng'ombe ili mimi niwepo."

"Alitoa ng'ombe ili mimi niwepo," nikamwambia. "Wewe ulikuwa mlango tu."

Akasogea hadi kizingitini, asivuke. Aliitazama kondensa jinsi mtu mwenye kiu anavyotazama mtungi.

"Chagua hii," akasema. "Hii inanisikia. Niweke mstari wa mwisho, nipate pa kukaa, hata kama ni ndani ya wimbo. Wewe una nyumba, una kazi, una mama. Mimi nina jina tu, nalo wewe ndiye unayetembea nalo."

Nilimhurumia, na sioni aibu kukuambia. Hakuomba kuitwa duniani akiwa nusu mtu. Watu wazima walikaa, wakapanga, wakamwita, kisha wakamwacha njiani. Nimefikiria sana tangu siku hiyo ni wangapi tunawaita hivyo kwa sababu tunahitaji mwanaume wa kuandika mahali fulani. Lakini huruma ni kitu kimoja, na kumpa mtu jasho la wanawake wawili ni kitu kingine. Nikamwambia hapana. Nikamwambia kwamba mstari ule una nafasi ya majina mawili, na yote mawili yana wenyewe.

Akakunja uso.

"Kama huniimbi, basi usinitaje kabisa. Popote."

"Sawa," nikasema, na nikang'oa waya wa kondensa.

Midomo yake iliendelea kucheza. Hakuna kilichosikika ila mvua kwenye nyasi. Nikachomeka dainamiki, nikaenda nayo hadi mlangoni, nikaisogeza mbele ya kinywa chake, karibu kama ambavyo ningempa mtu yeyote aliye hai. Nilitaka kumtendea haki. Akasema, akasema tena, mishipa ya shingo ikamtoka. Kwenye kioo cha kompyuta ule mstari wa sauti ulibaki umelala.

Basi nikaigeuzia kwangu. Niliimba nikiwa nimesimama pale pale mbele yake, maiki ikigusa midomo, kwa nguvu ambayo nilidhani imebaki ujanani. Mwisho nikajitaja: mtoto wa Nyangi na Bhoke. Nilipomaliza mlangoni kulikuwa na mvua peke yake, na kwenye tope hapakuwa na alama yoyote ila za kwato za mbuzi.

Nilimweleza mama nikiwa bado nahema. Hakuacha kuchambua maharage.

"Shati jeupe?"

"Jeupe."

"Alikuja kwangu pia, nikiwa na mimba yako. Akasimama mlangoni anafungua mdomo kama samaki. Nikamwambia, kama wewe ndiye mume wangu, ng'ombe wale pale, kawachunge."

"Akafanyaje?"

"Aliondoka. Wanaume wengi huondoka ukiwaambia hivyo."

Nilimrudishia Shabani kondensa yake. Aliisikiliza rekodi ya kwanza, akavua hedifoni polepole na kuniuliza, "Madam, uliimba na nani?" Nikamwambia niliimba na mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Aliifuta rekodi mbele yangu, na tangu hapo ile maiki haiazimishi mpaka aisomee dua kwanza. Dainamiki ilibaki kwangu.

Na jina? Yule kijana alilichukua, kama tulivyopatana. Naweza kuliandika, kama hapa, naweza kulitia sahihi, naweza hata kukutajia Mwita mwingine yeyote, na katika mkoa huu wamejaa. Lakini nikilitamka kama jina langu, koo linakauka na hewa inapita tupu. Madaktari wa Musoma wamelimulika na hawakuona kitu. Wanafunzi wangu wanajua. Kwenye mikutano nikifika kwenye jina hujitambulisha kama nilivyoimba. Baba mdogo anasema nimeadhibiwa. Siku hizi anaponiita huniita Mwalimu tu, nami huitika.

Kwa hiyo wewe unayetafuta maiki ya kurekodia sauti yako, usianze kwa kuuliza ipi inanasa zaidi. Uliza kwanza nyumba yako ina nani anayengoja. Ukisikia mtu anavuta pumzi kabla yako, usikimbie. Mwache aseme anachotaka, kisha mkatalie kwa kinywa chako mwenyewe, kwa karibu. Hataondoka mikono mitupu, kwa hiyo uwe umekwisha kuamua ni kitu gani unaweza kuishi bila kuwa nacho.

Mimi niliamua. Wimbo upo. Mama ameuweka kwenye simu yake, anausikiliza akipalilia, na unapokaribia mwisho huegemeza jembe, huitoa simu kwenye kanga, na kuongeza sauti.