Mchonga Funguo Aliyefunga Kitasa Kisicho na Tundu

Saa mbili asubuhi, mtaa wa La Unión, Montevideo. Baridi ya Julai inapenya mpaka kwenye mifupa. Rubén Bentancor amepiga magoti kwenye mlango wa jengo la ghorofa tisa, bisibisi mkononi, anang'oa kitasa alichokifunga mwenyewe miaka kumi na minane iliyopita.

Kinatoka kwa shida. Anakipuliza vumbi na kukigeuzageuza.

"Kizima," anasema. "Hakina kosa lolote."

Wapangaji wanampita. "Fundi, leo unajichimbia kaburi mwenyewe?" anamtania mzee wa ghorofa ya pili, thamosi kwapani, kikombe cha chai chungu ya kienyeji mkononi.

"Angalau litachimbwa na fundi, siyo kanjanja."

Mzee anacheka. Bentancor hacheki.

Ana miaka hamsini na tisa. Kibanda chake cha kuchonga funguo kiko ng'ambo ya barabara. Alikirithi kwa mjomba wake, na kwa miaka thelathini na moja ndicho kilicholisha nyumba yake. Siku nzuri alikuwa akichonga funguo sitini. Wiki iliyopita, Jumatatu hadi Jumamosi, alichonga saba, na mbili kati ya hizo zilikuwa za kabati.

Wateja hawakuhamia kwa fundi mwingine. Walihamia kwenye simu. Kitasa kipya hakina tundu. Mpangaji anasogeza simu karibu, kiasi cha vidole vitatu, taa inawaka kijani, mlango unaachia. Simu hiyohiyo ndiyo anayopandia basi na kununulia mkate. Ikipotea, msimamizi wa jengo anaizuia kwenye kompyuta kabla chai haijapoa, na mwizi anabaki na kioo mkononi.

"Ningetamani kisiwe kizuri, nikapata la kusema," anasema Bentancor. "Zamani mtu mmoja akipoteza ufunguo, nabadilisha kitasa na kuchonga funguo za jengo zima. Sasa ni kubonyeza tu. Watu wana haraka, mikono imejaa mizigo, mtoto analia. Nani akumbuke ufunguo? Hata mimi nisingekumbuka."

Msimamizi, Bi Zulma Etcheverry, anakiri kwamba kazi hii alimpa kwa huruma. "Nilimwambia, 'Rubén, ukikataa nitaita mtu wa kampuni.' Akakubali."

Siyo kwamba hakujaribu kwenda na wakati. Mwezi Machi alipeleka maombi kwenye kampuni moja inayofunga vitasa vya namna hii. Binti wa mapokezi alimwomba cheti. Yeye akamwonyesha mikono yake.

"Akaniambia, 'Mzee, hiyo haiingii kwenye fomu.'"

Tangu hapo kuna siku anafungua kibanda, anawasha mashine ili aisikie tu ikilia, kisha anaizima. "Nyumbani nasema nina kazi nyingi. Mke wangu anajua naongopa. Na yeye ananiongopea kwamba hajui."

Mkewe, Nélida, alikuwa mshonaji. Huu ni mwaka wa nne anaugua maradhi ya kutetemeka mikono. Oktoba iliyopita alitoka kununua boga, akarudi, akashindwa kuingiza ufunguo kwenye tundu. Alihangaika karibu nusu saa mbele ya mlango wake mwenyewe. Jirani mmoja mgeni akampita akamwambia, "Asubuhi yote hii, mama, umeshalewa?" Hajatoka peke yake tena.

Mganga hajigangi. Bentancor alimchongea ufunguo wenye mpini mpana, akaupanua mdomo wa tundu, akamshikisha mkono na kumfundisha kama mtoto. Wapi!

Saa saba mchana kitasa kipya kiko tayari. Nélida anafika na chakula cha mumewe, akisindikizwa na dada yake. Bi Zulma anamkabidhi simu ya majaribio.

"Hebu nijaribie wewe, mama. Huyu bwana anaogopa."

Mkono unatikisika, simu inayumba huku na huku mbele ya kitasa. Taa inawaka kijani. Mlango unaachia.

"Umefunguka," anasema Nélida. Halafu, kwa sauti ya chini: "Ufungeni tena."

Anarudia mara nne. Mara ya mwisho anaingia ndani peke yake, mlango unajifunga nyuma yake, naye anasimama upande wa pili wa kioo cha mlango akiwatazama.

Bentancor anainama kupanga bisibisi zilizokwisha kupangwa.

"Tangu Oktoba namtafutia ufunguo huyu mwanamke," anasema baadaye, kibandani. "Kumbe hakuuhitaji. Najua kitu kimoja tu duniani, na hicho hakikumfaa."

Jumamosi kuna mtu atakuja kuchukua mashine. Anainunua kwa kilo, kama chuma chakavu. Bei yake inatosha kitasa kimoja cha nyumbani na simu ya mtumba ya Nélida. Kibanda kitafungwa mwisho wa Agosti. Baada ya hapo Bentancor hajui atafanya nini, na haoni aibu kusema hajui.

Analolijua ni moja. Jumapili ya kwanza baada ya kukifunga hicho kitasa, anataka Nélida aende gulioni peke yake, achague maboga yake, abishane bei, arudi.

"Mimi nitakaa ndani," anasema. "Nikisikia hatua zake mlangoni, sitainuka kumfungulia."