Panya Wangu Walionipanda Suruali

Mnicheke tu, maana mama mkwe wangu bado anacheka.

Kazi yangu, katika maabara moja hapa Likasi, ni kujaribu dawa ya usahaulifu. Tunamchoma panya sindano ya kumsahaulisha, tunampa dawa yetu ya mizizi, kisha tunaangalia kama atakumbuka njia ya kutoka kwenye sanduku lenye vichochoro. Mimi husimama kwenye mlango wa sanduku kumpokea. Na walikumbuka wote! Nikajisifu mtaa mzima wa Kikula. Siku ya kuwaonyesha wageni nikamwalika hata mama mkwe, anayekaa kwetu na kulalamika kwamba siku hizi anasahau anapoweka vitu.

Sasa, kwetu mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake. Ndiyo maana kila asubuhi nilichomoa samaki mkavu wa ziwa la Tshangalele kwenye kikapu cha jikoni, nikamtia mfukoni mwa koti la kazi, nikala huko huko.

Siku hiyo profesa wa maabara akasema: "Papa Ilunga, leo simama huku nyuma na bageni." Nikasimama, kifua mbele.

Panya wa kwanza akanusa hewa. Akaupa mlango mgongo, akaruka ukuta wa sanduku, akanipanda suruali mpaka mfukoni. Wa pili vilevile. Samaki akaanguka miguuni pa mama mkwe.

Profesa akavua miwani. Mama mkwe akainama, akamtazama samaki, akanitazama mimi.

"Yo! Kumbe ni weye! Na minye nilizani niko nasahau kwenye naweka samaki yangu!"