Doa la Nyongani

Kila hospitali ilimwita Mgeni. Kazi yake ilikuwa kuhama: pale fundi wao wa picha za mionzi alipougua au kujifungua, yeye alitumwa na begi lake kushika nafasi, kisha akaondoka kabla hawajalizoea jina lake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe siku ileile aliyofika, tena kabla ya chai.

Safari hii mgonjwa wa kwanza alikuwa mama yake mzazi. Nyumbani kwao hapakuwa na mashine ya picha hizo, basi mama akafunga safari kumfuata mwanawe alikokuwa. Mwaka uliopita alitolewa titi kwa saratani, na sasa nyonga ilikuwa inamuuma. Mgeni akamchoma sindano ya dawa ya mionzi inayokwenda kujishika mifupani, hasa pale saratani ilipofika, wakasubiri, akamlaza chini ya kamera.

Kwenye skrini likatokea doa jeusi nyongani.

Moyo ukamlipuka. Halafu akakumbuka, akamshukuru Mungu kwa sauti. Dawa ile hutoka kwa mkojo, na tone moja tu likidondokea nguo au ngozi, pichani huonekana kama ugonjwa. Wangapi amewahi kuwabadilisha gauni, doa likatoweka, wakaondoka wakicheka!

"Mama, ulipokwenda chooni, hukujimwagia kidogo?"

"Kwani mimi mtoto?"

"Hata wakubwa hujimwagia. Hebu tubadilishe gauni."

Wakabadilisha. Doa lilikuwa palepale. Akaleta beseni na sabuni, akamwosha nyonga na paja, akamkausha, akapiga picha nyingine. Doa lipo. Mfa maji haachi kutapatapa: akaosha tena, akisugua, huku akiomba liwe mkojo, mkojo tu, aibu ndogo ya mtu mzima.

Sheria ilimkataza kumwambia mgonjwa alichokiona. Hayo ni ya daktari. Miaka yote sheria hiyo ilimfaa, maana waliolala pale walikuwa mama za watu.

Alipochovya kitambaa tena, mama akamshika mkono. Ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekufundisha kufua. Hicho unachokisugua hakitoki kwa sabuni. Nivishe, nasikia baridi."

Mgeni akamfunga vifungo kimoja kimoja, polepole, akiogopa kukifikia cha mwisho.