Mama Sabuni na Kibuyu cha Cheptanui

Katika shamba moja la ng'ombe na pareto, juu kidogo ya Njoro, watu walimjua Truphosa kwa harufu kabla ya kumjua kwa jina. Alinukia sabuni ya mche. Kila Jumatano asubuhi, alipopita kati ya nyumba za wafanyakazi akiwa na kikapu mkononi, watoto wenye makamasi walijificha nyuma ya ghala la pareto, maana waliokamatwa waliogeshwa papo hapo, jua liwepo lisiwepo.

"Mama Sabuni huyo," waliambiana, na jina likamkaa.

Mumewe, Makokha, alikuwa dereva wa trekta. Walifika shambani mwaka wa 1954 kutoka upande wa Kimilili, na Jumapili ya kwanza Truphosa alikikuta kikapu kile kimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa kanisa. Kilikuwa cha Wangare, mama aliyekuwa akiongoza zamu ya kuwatembelea wagonjwa. Wangare na jamaa zake walikuwa wamepakiwa kwenye malori na askari wa serikali na kuhamishwa mwaka uliotangulia, Hali ya Hatari ilipozidi, na nusu ya mabenchi ya kanisa yalibaki matupu. Hakuna aliyekuwa amekigusa kikapu hicho. Truphosa alikishusha, akakipangusa buibui, akauliza wagonjwa ni akina nani.

Huduma yake ilikuwa na utaratibu aliofundishwa katika shule ya wasichana ya misheni. Kwanza alifagia, halafu akachemsha maji, akaosha vyombo, akamwosha mgonjwa, na mwisho kabisa ndipo alipopiga magoti kuomba. Akina mama wengine wa kanisa walipomhimiza aombe upesi waende zao, aliwajibu, "Mungu hana haraka kama nyinyi. Nipeni hiyo sufuria."

Makokha alizoea kumtania. "Siku moja nitaamka nijikute nimeanikwa kwenye kamba," alisema.

"Ukiacha kurudi na grisi mpaka masikioni, sitakuanika," alijibu Truphosa.

Mwezi wa Julai mwaka wa 1956, baridi ilipokuwa kali hata ziwa la Nakuru halikuonekana kule chini kwa sababu ya ukungu, bibi mmoja mzee aliyeitwa Cheptanui alirudishwa kutoka hospitali ya mjini. Alikuwa ameugua kichomi. Kifua kilikuwa kimepona, lakini mwili ulikuwa umekwisha, amebaki mifupa na macho. Dresa wa shamba, aliyetibu wagonjwa wa pale, alimwambia Kosgei, mwana wa bibi huyo, maneno machache tu: "Anywe maziwa, anywe uji, kila siku. Asipokula, hatavuka mwezi huu."

Kosgei alikuwa mkamuaji. Aliingia zizini kabla ya mapambazuko na kurudi mchana. Mkewe, Chepkemboi, alikuwa amekwenda Londiani kumuuguza mama yake mwenyewe. Basi Kosgei, ambaye alikuwa mshiriki wa kanisa, aliwaomba akina mama wamsaidie. Wengi walikuwa na pareto ya kuchuma. Truphosa akasema, "Niachieni mimi siku zote."

Cheptanui mwenyewe hakuwa mtu wa kanisa. Truphosa alipoingia siku ya kwanza, bibi alimtazama kutoka kitandani, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Kosgei ni wenu. Mimi ni wa ng'ombe."

"Hata wa ng'ombe hunywa uji, Kogo," alijibu Truphosa. Alikuwa ameshajifunza kwamba watu wa kule humwita bibi Kogo. Cheptanui alicheka kidogo, akakohoa, akakubali kuinuliwa.

Siku nne zilikwenda vizuri. Cheptanui aliuonja uji kwa adabu tu, lakini kila mchana Kosgei alimmiminia maziwa lala kutoka kwenye kibuyu kirefu kilichoning'inia ukutani kwa ukanda wa ngozi uliopambwa kwa kauri, na hayo aliyanywa mpaka tone la mwisho. Rangi ilianza kurudi midomoni mwake.

Siku ya tano ilikuwa Jumatano. Kosgei alikuwa zizini na bibi alikuwa amelala. Truphosa alikwisha kufagia na kuosha sufuria, akatafuta chombo kingine cha kuosha, akakishusha kile kibuyu. Kilikuwa kitupu. Alichungulia ndani na moyo ukamruka, maana kilikuwa cheusi kama chungu cha lami. Aliingiza kidole, kikatoka na masizi. Alinusa, akasikia moshi.

Akawaza: kumbe ndio huu ugonjwa. Huyu maskini analishwa masizi.

Ni rahisi sana kumlaumu sasa. Lakini Truphosa alikuwa amefundishwa tangu utotoni kwamba uchafu huua, na alikuwa amewazika watoto wawili wa dada yake kwa sababu ya maji machafu. Alichemsha maji. Alikata kipande kikubwa cha sabuni, akakitia kibuyuni pamoja na mchanga na vijiwe vidogo, akatikisa mpaka mabega yakamuuma. Maji meusi yalimwagika uani. Alirudia mara ya pili, ya tatu, ya saba, mpaka maji yakatoka meupe. Akakianika kibuyu juani, akakaa kando yake akiimba taratibu, kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Kosgei alikuwa ameacha maziwa mabichi kwenye mkebe. Truphosa aliyachemsha, akayapoza, akayatia mle, akampelekea bibi alipoamka.

Cheptanui alionja. Akakaa na yale maziwa mdomoni kama mtu asiyejua ayafanye nini, kisha akayameza kwa shida. Akanyoosha mkono apewe kibuyu. Alikinusa mdomoni pake, polepole, kama mama anavyonusa utosi wa mtoto.

"Hii si yangu," alisema.

"Ni yako, Kogo. Nimeisafisha tu."

Cheptanui alikiweka kibuyu chini, akajifunika shuka, akageukia ukutani.

Siku hiyo hakula tena, wala kesho yake, wala siku iliyofuata. Alikunywa maji tu. Truphosa alileta uji wa wimbi na mayai, akaleta na kikombe kipya cha bati chenye maua. Aliomba kwa magoti mpaka sakafu ikamchubua. Bibi hakugeuka. Kosgei alisimama mlangoni akipindapinda kofia yake. Dresa alikuja, akaushika mkono wa bibi, akauachia, akatoka akitikisa kichwa.

Jumamosi Truphosa alikwenda kanisani kumwona Jonah Kipsang, mwinjilisti wao. Alimkuta amepanda juu ya paa anaziba tundu kwa nyasi.

"Mwalimu, shuka," alisema. "Kuna mtu anakufa kwa ukaidi."

Alimsimulia yote. Jonah alisikiliza akiwa amekaa kwenye ngazi, na ilipofika habari ya kibuyu alianza kutabasamu, kisha tabasamu likamtoka usoni.

"Mama, uliingiza sabuni?"

"Na mchanga."

"Na mchanga," Jonah alirudia. Aliangalia mikono yake. "Mama, ile nyeusi si uchafu. Ni makaa ya mti. Ndiyo inalinda maziwa yasiharibike, ndiyo inaleta utamu. Hicho kibuyu alipewa na mama yake siku ya kuolewa. Miaka zaidi ya arobaini anakisugua makaa, tabaka juu ya tabaka. Sasa wewe, fikiria mgeni anaingia kwako, anachukua Biblia yako, anakwangua maandishi yote, halafu anakuambia, furahi, karatasi imekuwa nyeupe."

Truphosa alikaa chini kwenye nyasi zilizobaki. Hakulia, ila alivua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mke wangu anajua kuitengeneza," alisema Jonah kwa upole. "Nitamtuma kesho baada ya ibada."

"Hapana. Aliyekiosha ni mimi."

"Wewe hujui."

"Basi nitakosea mbele yake mwenyewe," alisema Truphosa. "Aone ninavyokosea."

Jumapili, kwa mara ya kwanza tangu afike shambani, kiti chake kanisani kilikuwa kitupu. Alimfuata Kosgei mpaka mtoni, naye Kosgei akamwonyesha mti mfupi wenye maua ya njano wanaouita senetwet. Hawakuukata, kwa kuwa matawi mabichi hayafai. Walitafuta yaliyokauka, na Kosgei akampa pia ufito wa mkindu uliopondwapondwa ncha mpaka ukawa kama brashi. Alitaka kumweleza namna ya kuutumia, lakini ng'ombe walikuwa wakimngoja, na Truphosa alikwisha kuondoka.

Alikaa chini karibu na kitanda cha bibi, mbele ya mafiga. Cheptanui alikuwa ameelekea ukutani kama kawaida, na mgongo wake ulionekana mdogo kama wa mtoto chini ya shuka.

"Kogo," alisema Truphosa, "nimeharibu kitu chako. Sikujua, lakini nimeharibu. Nimekuja kutengeneza."

Akawasha tawi. Lilipowaka, alilipeleka kwenye mdomo wa kibuyu likiwa na ndimi za moto. Akasikia ukingo wa kibuyu unaungua, akalitoa haraka, akalizima kwa maji. Moshi ukajaa nyumba. Akawasha la pili, akajaribu kupuliza moshi wenyewe uingie ndani, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Akawasha la tatu.

Kitandani, mgongo ulitikisika. Pua ya bibi ilikuwa ikisikia kila kosa.

Truphosa aliinua tawi la nne, nalo likiwaka moto, akalielekeza kibuyuni.

"Si moto," ilisema sauti kutoka ukutani.

Truphosa alilishusha tawi.

"Si moto. Makaa. Wacha moto ikufe kwanza." Cheptanui alikuwa amegeuka, macho yake makubwa yakiwa yamejaa hasira ya mwalimu. "Unataka kuchoma nyumba? Wewe ulizaliwa wapi?"

"Kimilili, Kogo."

"Huko hakuna ng'ombe?"

"Wapo. Lakini hatuna akili hii."

"Naona," alisema Cheptanui. "Niinue."

Alimwinua, akamwegemeza kifuani pake, na wakafanya kazi hivyo, mikono minne kwenye kibuyu kimoja. Walisubiri ndimi za moto zizimike na ncha ya tawi ibaki nyekundu. Wakaimega ndani ya kibuyu. Cheptanui akashika ile brashi, akaonyesha namna ya kusaga makaa na kuyapaka kila pembe, kwa kuzungusha kifundo cha mkono tu, bila kutumia bega. Alichoka baada ya mizunguko mitatu, akamwachia Truphosa. "Polepole. Hapana pigana nayo. Wewe unapenda kupigana na vitu."

Walipomaliza, mikono ya Truphosa ilikuwa myeusi hadi viwikoni. Akatia maziwa yaliyochemshwa na kupozwa, akafunga kifuniko.

"Sasa kunywa, Kogo."

Cheptanui alimtazama kwa huruma. "Leo? Hii inalala siku tano."

Siku tano. Dresa asingempa bibi siku tano. Alitazama ile mifupa ya bega iliyomwegemea, akasema ukweli.

"Kogo, usipokula, siku tano hutafika. Na mimi nitabaki na kibuyu hiki peke yangu."

Bibi alilifikiria jambo hilo. Alikitazama kibuyu, akaitazama mikono ya Truphosa, akaona jinsi ukingo wa kibuyu ulivyoungua.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Nikikufa, utaiosha tena. Lete huo uji."

Akanywa nusu bakuli, akilalamika kwamba umekosa chumvi. Kesho yake alikunywa bakuli zima na kulalamika kwamba chumvi imezidi. Kosgei aliposikia malalamiko hayo kutoka uani, aliingia ndani ya zizi la ndama, akakaa huko akipangusa macho.

Siku ya tano kibuyu kilifunguliwa. Maziwa yalitoka mazito, yenye rangi ya kijivu kwa mbali, na Cheptanui aliamuru kikombe cha kwanza apewe Truphosa, kile cha bati chenye maua. Truphosa, ambaye hakuwahi kunywa kitu asichokichemsha mwenyewe dakika ile ile, alifumba macho, akanywa. Ulikuwa ukali mwororo wenye harufu ya moshi. Alipofumbua macho alikuta kikombe kimekwisha.

Bibi naye akanywa, akalamba midomo.

"Ni tamu, Kogo?"

"Bado," alisema Cheptanui. "Miaka kumi hivi, itakuwa tamu." Akanyoosha kikombe aongezewe.

Tangu siku hiyo kikapu cha Wangare kilibeba vitu viwili kila Jumatano: kipande cha sabuni ya mche upande mmoja, na vijiti vikavu vya senetwet upande wa pili, vimefungwa kwa kitambaa visichafue. Utaratibu nao ulibadilika kidogo. Kabla ya kuosha chombo chochote katika nyumba ya mtu, Truphosa alikiinua na kuuliza, "Na hiki, kinaoshwaje?" Akina mama walimcheka, lakini walimjibu.

Chepkemboi alirudi kutoka Londiani mwezi wa Septemba. Alimsalimu mama mkwe wake, akamkuta ameketi mlangoni anaota jua, kisha akashusha kibuyu ukutani kama anavyofanya mke wa nyumba anayerudi. Alichungulia ndani, akanusa, akapitisha kidole kwenye ukingo ulioungua.

"Nani ametengeneza hii?" aliuliza. "Si mkono wako, Kogo."

Cheptanui hakugeuza uso wake kutoka kwenye jua. Huko chini, kwenye njia ya kanisani, mtu alikuwa akija na kikapu, na watoto walikuwa wameanza kukimbilia ghalani.

"Ni mkono wa msichana wangu," alisema. "Bado anajifunza."