Meli Kumi na Nane za Kiguu na Njia

Ofisini walimwita Kiguu na Njia, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta, lakini kiti chake kilibaki kipya kuliko vyote. Alikuwa akiandika mistari mitatu, anainuka hadi dirishani, anarudi, anafuta miwili.

Safari hii alikuwa na sababu ya kuhangaika. Bosi alimpa wiki sita autoe mchezo wa kutungua meli za angani kwenye mashine ya sarafu, kabati kubwa kama jokofu, auingize kwenye kisanduku cha kuchomeka kwenye televisheni ya nyumbani. Kwenye kabati, meli arobaini na nane zilishuka safu kwa safu. Kumbukumbu ya kisanduku ilikuwa kiduchu, isingebeba hata barua ya kurasa mbili. Alipofikisha meli thelathini, picha ilianza kupepesa kama taa inayotaka kuungua. Akaondoa sauti ili apate nafasi. Ikapepesa vilevile.

Mchana aliacha chakula akaenda kwenye ukumbi wa michezo, akasimama nyuma ya wachezaji akiandika kila kilichopita kwenye kioo, mpaka mwenye ukumbi akamshuku kuwa mtu wa kodi.

Jumapili ya wiki ya tano alikuwa ameleta mitambo nyumbani. Mumewe alimsihi akae ale, akala amesimama. Mama mkwe wake, fundi cherehani aliyeacha kazi kwa sababu ya macho, akaomba ajaribu. Akashika kijiti cha kuchezea kwa vidole vyepesi, akapiga, akapiga tena, kisha akakiweka chini.

"Mwanangu, hawa wanakuja au wamesimama?"

"Wanakuja, mama. Tena mbio."

"Mbona siwasikii?"

Kiguu na Njia alifungua maandishi yake ya ukumbini. Kule ukumbini kulikuwa na mdundo mzito uliozidi kwenda kasi kadiri meli zilivyokaribia, na mabega ya wachezaji yalipanda nao. Yeye alikuwa ameandika kila kitu isipokuwa huo. Wiki tano alikuwa akihesabu meli, kumbe kilichowashika watu roho ni mdundo.

Jumatatu akapunguza meli zikabaki kumi na nane, picha ikatulia, akarudisha mdundo. Bosi alipoona kioo akakunja uso.

"Umenikatia zaidi ya nusu."

"Cheza kwanza, mzee. Utahesabu baadaye."

Bosi akakaa. Mzunguko wa tatu alikuwa amelegeza tai na kusogeza kiti mbele. Alipouawa alianza upya bila kusema neno, na habari ya nusu haikutajwa tena.

Kaseti za mchezo, za kuchomeka kwenye kisanduku, zikaingia madukani, zikanunuliwa. Mama mkwe alicheza kwa masikio, akimshinda mwanawe wa kiume kila mara na kumcheka. Kiguu na Njia alipita dukani akamkuta mama mmoja na bintiye wakishindana mbele ya televisheni ya maonyesho. Akaona risasi ikipenya kwenye ubawa wa meli bila kuidhuru. Kosa lake, na halirekebishiki tena, kwani kaseti zilishauzwa. Akamweleza muuzaji. Muuzaji akasema hakuna aliyelalamika.

Jibu hilo halikumtuliza hata kidogo. Alirudi ofisini haraka haraka, akapita moja kwa moja kwa bosi, akaomba apewe mchezo mwingine.