Mkadiriaji Aliyehesabu Nepi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanamke wa makamo anapokea mtoto kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiandika.

"Kala?"

"Kala uji, maziwa kayakataa," anajibu mama mtu, muuguzi anayewahi zamu. Jibu na saa vinaingia daftarini.

Mtaa unamwita Mama Usingizi, kwa kuwa hakuna kichanga kilichomshinda kulaza. Ni mwaka wa sita sasa analea watoto wa wenzake kutwa, katika chumba kimoja chenye magodoro manne madogo na dirisha la wavu. Watoto wako wanne, na kila mmoja humwingizia elfu arobaini kwa mwezi.

Mwaka jana alijisajili kulipa kodi. Alikuwa amedunduliza laki mbili za kupanga chumba cha pili, lakini kibali cha kulea watoto zaidi ya watano hakitoki bila hati ya kodi.

"Shoga yangu alinicheka," anasema, akimfunga nepi mmoja wa mapacha anaowalea. "Eti, 'Paka hana habari nawe, wewe panya unakwenda kumpigia hodi!'"

Paka alikuja, tena saa saba mchana, watoto wamelala. Mama Usingizi alimzuia mlangoni kijana huyo mkadiriaji wa kodi, kidole mdomoni.

"Mwanangu, rudi saa tisa. Ukiniamshia hawa, utawabembeleza wewe."

Kijana hakurudi. Aligeuka, akaiona kamba ya nguo, akahesabu nepi thelathini na sita. Akakisia tatu kwa kila mtoto, akaandika: watoto kumi na wawili.

Makadirio yalipofika, kodi ya mwaka ilikuwa laki mbili na elfu arobaini. Chumba cha pili kilikuwa kimeliwa, na deni juu.

"Nilikaa kitako. Halafu nikasema, kulia ni kazi ya wateja wangu."

Kesho yake aliwaacha watoto kwa mdogo wake, akaenda ofisi ya kodi na madaftari yote ya mwaka. Mkadiriaji alifungua ukurasa wa siku ile, akasoma kwa sauti: "'Pacha mkubwa kaharisha mara tano. Pacha mdogo mara saba.' Mama, hizi ndizo hesabu zako?"

"Ndizo. Waliharisha hivyo siku tatu, na mvua haikuacha kitu kikauke. Zile nepi ulizoziona ndizo hizo."

Ofisi nzima iliangua kicheko, naye kijana akacheka hadi akavua miwani. Lakini alisoma. Kila siku ilikuwa na saa ya mtoto kuletwa na saa ya kuchukuliwa, na hakuna ukurasa uliozidi watoto wanne. Pembeni mlikuwa na bei ya maziwa, sabuni na mkaa, gharama ambazo Mama Usingizi hakujua kwamba hutolewa kabla ya kodi kupigwa.

Kodi ilishuka hadi elfu thelathini na sita. Alilipa siku hiyohiyo.

Shoga aliyemcheka, naye mlezi, sasa ana daftari lake. "Anaandika 'kala, kalala' tu," anasema Mama Usingizi. "Mvivu yule. Nitamfundisha."

Mwezi ujao anafungua chumba cha pili, amchukue mdogo wake wafanye kazi pamoja, watoto wafike wanane.

"Kodi itapanda, najua. Mtoto akikua si unamnunulia nguo kubwa?" Anamlaza pacha, anashusha sauti. "Ila kamba naihamishia uani. Wakija tena, waje saa tisa, wahesabu vichwa."